Jikoni Mwetu: Chungu Kisicho na Haraka



Mwezi huu naona afadhali nianze kwa kukiri kosa, kwa maana mapishi ninayowaletea niliyapata kwa njia ya kosa. Nilimkosea binti yangu wa kumzaa, tena nyumbani kwake, tena kwa sababu ya chungu.

Ilikuwa Novemba ya mwaka 2022. Nilikuwa nimekwenda kumtazama huko Marekani, katika jimbo la Minnesota, ambako anaishi na mumewe na watoto wao wawili. Binti yangu ni muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, na zamu yake ni ya usiku. Mumewe hufanya kazi mchana. Kwa hiyo yeye akiingia asubuhi, mkwe wangu anatoka. Na mkwe akirudi jioni, binti anavaa viatu. Majuma matatu nilikaa pale, na katika majuma hayo matatu sikuwaona hata siku moja wakikaa wote mezani. Mmoja alikula amesimama, mwingine alikula ndani ya gari, na watoto walikula na bibi yao.

Ikafika Alhamisi ya nne ya Novemba. Hiyo kwao ni Siku ya Shukrani. Rais Abraham Lincoln aliitangaza kuwa siku ya taifa zima mwaka 1863, na sheria ya mwaka 1941 ikaiweka rasmi katika Alhamisi hiyo ya nne. Siku hiyo karibu kila nyumba hupika bata mzinga. Ingawa sisi tunamwita bata, ndege huyu ni jamaa ya kuku, na asili yake ni huko huko Amerika, ambako wenyeji walimfuga kabla Wazungu hawajafika. Minnesota nayo ni moja ya majimbo yanayofuga ndege hawa kwa wingi sana.

Asubuhi hiyo binti yangu alirudi kazini kama saa mbili. Hakuvua hata koti vizuri. Akafungua friji, akatoa kidari cha bata mzinga alichokuwa amekipaka viungo tangu jana yake, akakiweka ndani ya chungu cha umeme kilichokaa mezani, akafunika, akabonyeza kitufe. Halafu akaniambia, "Mama, naomba nilale kidogo, saa tano tuna ibada ya shukrani. Tukirudi tutakula."

Wapendwa, nilishangaa. Mimi nimepika kwa kuni, nimepika kwa mkaa, nimepika kwa mafuta ya taa, na siku ya sikukuu sijawahi kuondoka jikoni. Nikasema maneno ambayo hata sasa ninapoyaandika naona haya. Nilisema, "Mwanangu, nani amekufundisha kuwaachia waya chakula cha mume wako? Chakula cha sikukuu kinaachwa peke yake kama mbwa wa kulinda nyumba? Mimi nilikufundisha kusimama jikoni."

Binti yangu hakunijibu kwa ukali. Alisema tu, "Mama, nimesimama tangu jana saa moja jioni." Akaenda kunawa uso. Alipotoka bafuni macho yalikuwa mekundu, na nilijua si kwa sababu ya usingizi.

Tukaenda ibadani. Wenzangu waliimba na kushukuru, mimi nikawaza chungu. Niliwaza moto, niliwaza chakula kuungua, niliwaza nyumba kuteketea. Namkumbuka Martha wa Luka sura ya 10. Siku hiyo nilikuwa Martha niliyekaa kwenye benchi la kanisa. Binti yangu, ambaye alikuwa amelala usingizi wa saa mbili tu, aliimba mpaka mwisho.

Tuliporudi saa nane, mlango ulipofunguliwa tulipokewa na harufu. Ilikuwa harufu ya kitunguu saumu, ya siagi, na ya majani yale ya rozmari. Hakuna kilichoungua wala kilichomwagika. Saa tisa tukakaa mezani, watu watano, na mkwe wangu akaomba. Nyama ililainika hata ikakatika kwa upande wa uma. Lakini si nyama iliyonifunga mdomo. Ni mjukuu wangu mdogo, mwenye miaka sita, aliyenitazama akasema, "Bibi, leo mama amekaa."

Basi hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu si jambo rahisi mzazi kumwomba mtoto msamaha. Lakini jioni ile, tulipokuwa tunaosha vyombo, nilimwambia, "Mwanangu, nilikosea. Nisamehe." Akacheka, akanishika bega, akasema, "Mama, njoo nikufundishe chungu chako kipya." Hayo ndiyo nitakayowafundisha ninyi leo.

CHUNGU HIKI NI CHOMBO GANI?

Ni chungu cha udongo uliochomwa na kung'arishwa, kinachokaa ndani ya gamba lenye nyaya za umeme za kupasha joto. Kina mfuniko, mara nyingi wa kioo, na kitufe chenye sehemu mbili: moto mdogo na moto mkubwa. Hata ule moto mkubwa si mkubwa kama wa jiko; tofauti yake na mdogo ni kwamba unafika upesi zaidi kwenye joto la kuchemka polepole. Mvuke hupanda, hugusa mfuniko, hurudi chini ukiwa matone. Ndiyo maana chakula hakikauki na hakishiki chini.

Binti yangu alinieleza asili yake, na asili hiyo ilinigusa. Aliyekibuni ni Irving Naxon, Myahudi aliyeishi Chicago. Mama yake alimsimulia jinsi alipokuwa msichana huko Vilna, mji ambao leo ni Vilnius, katika nchi ya Lithuania. Kila Ijumaa kabla ya jua kuzama, mama wa nyumba alijaza chungu nyama, maharage na mboga, akamtuma binti akipeleke kwa mwoka mikate. Moto wa tanuri ulikuwa unazimika kwa ajili ya Sabato, lakini joto lilibaki usiku kucha. Siku ya pili chungu kilichukuliwa, nyumba ikala chakula cha moto, na hakuna aliyewasha moto wala kufanya kazi siku ya mapumziko.

Naxon alipeleka maombi ya hataza ya chombo chake mwaka 1936, akakipata cheti mwaka 1940. Mwaka 1970 kampuni ya Rival ya Kansas City ilinunua biashara yake, na mwaka 1971 ikakitoa upya kwa jina la Crock-Pot. Wakati huo wanawake wengi wa Marekani walikuwa wanatoka kwenda kazini, nacho kikaenea.

Mnaona, wapendwa? Mimi nilikiita chungu cha uvivu, kumbe kilizaliwa na mama aliyetaka kulisha jamaa yake na bado akapumzika mbele za Mungu wake. Je, tukilinganisha, kati yangu na chungu, nani aliyeielewa siku ile vizuri zaidi?

MAHITAJI (watu 6 hadi 8)

Kidari 1 cha bata mzinga chenye mfupa, kilo 2 na nusu hivi
Siagi laini, vijiko 3 vya chakula
Kitunguu saumu, punje 4, zilizotwangwa
Chumvi, kijiko 1 na nusu cha chai
Pilipili manga iliyosagwa, kijiko 1 cha chai
Papirika, kijiko 1 cha chai
Majani makavu ya thaimu, kijiko 1 cha chai
Majani makavu ya seji, kijiko 1 cha chai
Majani makavu ya rozmari, nusu kijiko cha chai, yafikiche kwanza
Limau 1
Vitunguu maji 2 vikubwa
Karoti 2
Maji au supu ya kuku, nusu kikombe

Ukiwa na majani mabichi badala ya makavu, tumia mara tatu ya kipimo hicho, kwa kuwa majani yakikauka ladha yake hujikusanya. Rozmari wengi wenu mnayo bustanini bila kujua kuwa ni kiungo. Ni kile kichaka chenye majani membamba kama sindano, yanayonukia ukiyasugua, ambacho hustawi vizuri sehemu za baridi na watu hukipanda kama ua. Usipopata seji, iache. Usiache rozmari na kitunguu saumu vyote viwili kwa pamoja, kwani hapo utabaki na nyama ya kuchemsha tu.

NAMNA YA KUTAYARISHA

1. Kama nyama imeganda, iyeyushe kwanza kabisa. Iweke sehemu ya chini ya friji, ndani ya sinia, kwa siku nzima na usiku wake, hata siku mbili ikiwa nene. Ukiwa na haraka, ifunge katika mfuko usiopitisha maji, uitie ndani ya maji baridi, na ubadilishe maji kila nusu saa; kila nusu kilo yahitaji kama nusu saa. Usiiache mezani usiku kucha.

2. Soma karatasi iliyobandikwa kwenye mfuko. Nyama nyingi za madukani huwa zimekwisha kutiwa maji ya chumvi. Ikiwa ndivyo, punguza chumvi yako hadi nusu kijiko. Tazama pia ndani. Mara nyingine wauzaji huweka kifuko cha mchuzi wa unga. Kitoe.

3. Usiioshe nyama kwenye sinki. Najua tumelelewa kuosha kuku mpaka maji yawe meupe, na mimi nilibisha. Lakini maji yakiruka kutoka kwenye nyama mbichi hubeba vijidudu hadi kwenye vyombo, kwenye kachumbari na kwenye kitambaa. Joto la kupikia ndilo linaloua vijidudu, maji ya bomba hayaviui. Ikaushe kwa karatasi za jikoni, kisha unawe mikono kwa sabuni.

4. Changanya siagi, kitunguu saumu, chumvi, pilipili manga, papirika na majani yote. Kwaruza ganda la limau, sehemu ya njano tu, uongeze humo.

5. Pitisha vidole polepole kati ya ngozi na nyama, uiinue ngozi bila kuichana. Paka nusu ya mchanganyiko chini ya ngozi, nusu nyingine juu yake. Wengi hupaka juu tu, halafu hulalamika kuwa viungo vimebaki kwenye mchuzi. Funika, weka ndani ya friji usiku kucha.

6. Asubuhi, kata vitunguu na karoti vipande vikubwa, uvitandaze chini ya chungu. Mimina maji au supu ile nusu kikombe. Usizidishe! Nyama yenyewe itatoa maji. Weka kidari juu ya vitunguu, upande wa ngozi ukiwa juu, na vipande viwili vya limau ubavuni.

7. Funika. Washa moto mkubwa kwa saa moja ya kwanza, ili joto lipande upesi. Kisha teremsha hadi moto mdogo kwa saa 4 hadi 5 nyingine. Ukiwa huna mtu wa kubadilisha, unaweza kuwasha moto mdogo tangu mwanzo kwa saa 6 hadi 7. Kidari kisicho na mfupa, cha kilo moja na nusu hivi, hutosheka na saa 4 hadi 5 za moto mdogo.

8. Pima. Chomeka kipimajoto katikati ya sehemu nene, bila kugusa mfupa. Kikisoma nyuzijoto 74, nyama imeiva. Kipimajoto cha jikoni si ghali, na ndicho kinachotofautisha anayejua na anayekisia. Rangi ya nyama yaweza kukudanganya.

9. Toa nyama kwa uangalifu, kwa kuwa itataka kuvunjika. Ifunike, uiache itulie robo saa kabla ya kukata, ili maji yake yasimwagike yote ubaoni.

Sasa nitawaambia ukweli mmoja: chungu hiki hakikaushi ngozi. Itatoka laini na yenye rangi hafifu. Ukitaka ngozi ya kahawia inayovunjika, hamishia nyama kwenye sinia la chuma, uiingize chini ya moto wa juu wa oveni kwa dakika tano, ukiwa umesimama hapo hapo. Usiweke kile chungu cha udongo chini ya moto huo wala juu ya jiko, kitapasuka. Asiye na oveni aiondoe ngozi tu, akate nyama vipande vizuri, amwagie mchuzi. Hakuna atakayeuliza.

MCHUZI MZITO

Chuja yale maji yaliyobaki chunguni, upakue mafuta ya juu kwa kijiko. Yaweke kwenye sufuria jikoni. Vikombe viwili vya mchuzi huhitaji vijiko vitatu vya chakula vya unga wa ngano, uliokorogwa kwanza kwa maji baridi usiwe na madonge. Mimina kidogo kidogo huku unakoroga, acha uchemke dakika tatu ili ladha ya unga mbichi iishe. Onja kabla ya kuongeza chumvi. Huko kwa binti yangu tulikula na viazi vya kuponda, lakini mkwe wangu aliomba ugali, na nawahakikishia mchuzi huu unapatana na ugali kuliko na viazi.

MAMBO YA KUANGALIA

Chungu hiki ni chema, lakini kina sheria zake.

Usitie nyama iliyoganda. Joto hupanda polepole, na nyama ya barafu itakaa muda mrefu kati ya nyuzi 5 na 60, ambapo vijidudu huzaana upesi. Kwa sababu hiyo hiyo usijaribu kumwingiza bata mzinga mzima.

Usifungue mfuniko kuchungulia. Kila ukifungua, joto hutoka, na chungu huhitaji robo saa au zaidi kulirudisha. Hili lilinishinda siku za mwanzo. Mkono wa mama umezoea kukoroga! Binti yangu alibandika karatasi kwenye mfuniko: "Bibi, hapana."

Kijaze kati ya nusu na theluthi mbili. Kikiwa kitupu sana chakula huungua pembeni, kikijaa sana hakiivi.

Usikitumie kupashia kiporo. Kiporo kipashwe jikoni mpaka kitoe moshi wa mvuke kote, ndipo kiliwe. Nyama iliyobaki iingie friji ndani ya saa mbili tangu kuzima moto, ikiwa imekatwa vipande na kutandazwa katika vyombo vifupi, na iliwe ndani ya siku tatu au nne. Mifupa usiitupe, ichemshe na kitunguu na karoti, utapata supu.

Na jambo moja kubwa kwetu sisi walaji wa maharage: usiweke maharage mekundu mabichi moja kwa moja katika chungu hiki. Maharage hayo yana sumu ya asili ambayo huharibiwa na kuchemka kwa nguvu. Moto mdogo hauiui, na mtu anaweza kutapika na kuharisha vibaya. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, yachemshe jikoni kwa maji mapya kwa nguvu nusu saa, kisha ndipo uyahamishie chunguni.

NA SISI TULIO NYUMBANI?

Najua mnauliza. Nami naendelea kukiri, maana nilipoondoka binti yangu alinifungia chungu chake kama zawadi, nikakibeba mkononi toka uwanja wa ndege mmoja hadi mwingine kama mtoto. Nilipofika nyumbani nikawaalika majirani, nikakichomeka ukutani. Kwa dakika chache kilichemka kwa ghadhabu, kisha kikatoa harufu ya mpira na moshi, kikanyamaza milele. Umeme wa Marekani ni volti 120, na wa kwetu Tanzania ni 230, Kenya 240. Chombo cha kupasha joto kikipewa karibu mara mbili ya volti zake, huvuta karibu mara nne ya nguvu zake. Hakuna waya uliofanywa kwa hilo. Mwenye zawadi ya namna hii anunue transfoma ya kushushia umeme, yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa chini ya chungu, na fundi amwonyeshe. Lililo bora ni kununua chungu kilichotengenezwa kwa umeme wa hapa. Hivyo ndivyo nilivyofanya baadaye. Hakili umeme kama wengi wanavyodhani: chungu cha wati 250 kikiwaka saa 6 hakizidi yuniti moja na nusu.

Bado kuna suala la umeme kukatika. Ukiwa nyumbani ukakatika, hamishia chakula jikoni kwenye gesi au mkaa umalizie hapo hapo. Lakini kama ulikuwa umetoka, ukarudi ukakuta ulikatika na hujui ni kwa muda gani, mwaga chakula hicho hata kama kinaonekana kimeiva. Inauma, najua. Lakini kuuguza nyumba nzima kunauma zaidi.

Na asiye na umeme kabisa? Huyo anacho chungu cha Vilna, yaani kapu la joto. Chukua kapu kubwa lenye mfuniko, lijaze pande zote na chini mablanketi ya zamani, pamba au matambara safi makavu, ukiacha shimo la kutosha sufuria yako. Shona na mto wa kufunika juu. Kata kidari cha bata mzinga, au kuku wa kienyeji, vipande. Vipake viungo vile vile usiku. Asubuhi vikaange kidogo, ongeza maji ya kufunika nyama, uchemshe kwa nguvu nusu saa ukiwa umefunika. Sufuria iwe imejaa, kwani sufuria nusu tupu hupoa upesi. Itoe ikiwa bado inatokota, usifunue mfuniko, iingize kapuni, funika kwa mto, uende ibadani. Baada ya saa tatu ukifungua lazima iwe ya moto wa kuunguza kidole. Irudishe jikoni ichemke tena kabla ya kupakua. Bata mzinga wa kwetu huwa amekimbia sana uani na nyama yake ni ngumu, kwa hiyo akihitaji kurudishwa kapuni mara ya pili baada ya kuchemshwa tena, usikate tamaa. Mkaa utakaookoa utauona mwenyewe mwisho wa mwezi.

NENO LA MWISHO

Wapendwa, tangu mwaka ule nimetazama kwa jicho jingine meza za sikukuu. Nimemwona mama akisherehekea Krismasi nzima kwa sauti tu, akiwa jikoni, akisikia wimbo kupitia dirishani. Watu wakishiba humsifu: "Mama amepika!" Lakini kiti chake hakijakaliwa. Mimi mwenyewe niliishi hivyo miaka thelathini, nikadhani ndio upendo wenyewe, na nikataka binti yangu naye aishi hivyo. Wala mama zetu waliosimama hawakukosea. Walitumia walichokuwa nacho. Kosa ni sisi kumdai binti asimame wakati amepata njia ya kukaa.

Basi mwenye binti au mkwe wa kike anayefanya kazi, mwezi huu asimpime kwa saa alizosimama jikoni. Ampime kwa chakula alichokipanga tangu jana yake akiwa amechoka, na kwa wale aliowakusanya mezani. Na wewe binti, ukisikia mama anasema maneno kama yangu, mwonyeshe tu namna ya kubonyeza kitufe. Wakati mwingine ukali wetu ni woga wa kuonekana hatuhitajiki tena.

Haraka haraka haina baraka, walisema wazee, na chungu hiki kinawaunga mkono. Siku hizi Jumapili ninapofungua mlango baada ya ibada, harufu hunipokea kama siku ile. Nami husikia sauti ya mjukuu wangu. Nikishapakua, navuta kiti, nakaa.

Mwenye swali kuhusu mapishi haya au kapu la joto aniandikie kwa anwani ya gazeti hili kama kawaida. Tukijaliwa uzima, mwezi ujao tutatazama namna ya kuhifadhi nyanya wakati wa mavuno, zisiozee gengeni huku tukiwa na njaa ya mchuzi Machi. Bwana awabariki ninyi na meza zenu.